Malengelenge kwenye shanga za kuchovya fedha: ninunue nikeli, shaba au maji yasiyo na sayanidi?

FundiLainiSaba
Wakuu, salaam. Tunachovya fedha (tunavipaka fedha kwa umeme ndani ya maji ya kemikali) vitu vidogo vya urembo kwenye pipa la kuzunguka. Siku hizi mzigo unatoka na malengelenge, na mwingine ukiukwaruza kwa ukucha unabambuka. Bosi anataka hadi Ijumaa tuwe tumeagiza kimoja: maji ya nikeli ya kutanguliza kabla ya fedha, maji ya shaba ya sayanidi (ile chumvi yenye sumu), au tuhamie fedha isiyo na sayanidi kabisa. Ninyi mnatumia kipi?

Sonara_Tanga
Vitu vidogo vya madini gani? Chuma? Zinki? Shaba nyekundu au ya njano? Malengelenge yanatokea pipani, mkikausha, au mteja akishavaa? Na sasa hivi mnatanguliza nini kabla ya fedha? Unaomba dawa hujasema unaumwa wapi.

MamaHereni
Kama mnauza Ulaya, nikeli muisahau. Kule wanapima nikeli inayotoka: kipini cha sikio kisizidi mikrogramu 0.2 kwa sentimita mraba kwa wiki, bangili na mkufu 0.5. Fedha ikilika kidogo tu, nikeli iko kwenye ngozi ya mtu, inamwasha, na mzigo unarudi. Shaba chini, fedha juu, basi.

Rektifaya
Mama, shaba chini ya fedha haizuii kitu. Zinki na shaba zinapanda taratibu mpaka juu, hasa penye joto. Nikeli ndiyo ukuta. Mimi nachovya vishikio vya nyaya za umeme na sijawahi kutumia kingine.

MamaHereni
Vishikio vya nyaya havivaliwi masikioni, baba.

FundiLainiSaba
Samahani, stima ilipotea. Ni shaba ya njano, tunayeyusha wenyewe: koki kuukuu, kufuli, vitasa. Tunamimina kwenye mchanga, tunang'arisha, tunatoa mafuta, tunapitisha kwenye asidi ya salfa, tunasuuza, halafu moja kwa moja kwenye fedha. Malengelenge yanatokea kwenye oveni ya kukaushia.

Sonara_Tanga
Moja kwa moja?! Fedha hujibandika yenyewe juu ya shaba hata kabla umeme haujafika, na utando huo haushiki. Kila utakachoweka juu yake kitabambuka nao. Lazima kuwe na maji ya kutangulizia: fedha kidogo, gramu 1 hadi 4 kwa lita, sayanidi huru (isiyoshikana na fedha) nyingi, gramu 75 hadi 90 kwa lita. Pipa liingie umeme ukiwa tayari umewaka. Hayo unayachanganya kwa kemikali mlizo nazo, huhitaji kuagiza kitu.

Mkemia_JuaKali
Sonara yuko sawa ila amesahau madini ya risasi. Shaba ya koki huwekwa risasi, mara nyingi asilimia 2 au 3, ili ichongeke vizuri. Ukiipitisha kwenye asidi ya salfa, risasi ya juu inageuka unga usioyeyuka na kusuuza hakuutoi. Kwa skrapu tumia asidi ya floboriki. Pia shaba ya mchanga ina vitundu. Maji yanajificha humo, ukipasha moto yanasukuma.

Kabla ya Ijumaa fanya hivi: pasua lengelenge kwa sindano, tazama chini yake kwa lenzi. Ukiona shaba safi ya njano, tatizo ni usafishaji au huo utando wa Sonara. Ukiona kitundu, ni umiminaji wenu, na hakuna maji ya kununua yatakayokuponya.

Na asidi isuuzwe mara mbili, mfereji wake uwe mbali na wa sayanidi. Zikikutana hewa yake inaua.

MzeeWaPipa
Kuhusu nikeli nisikilizeni. Kuna karakana moja, siitaji, ilichovya vifungo vya mikoba kwa nikeli kisha fedha. Vikatoka vinang'aa, mteja akalipa. Alipoanza kuvibana kwenye ngozi, fedha ikachomoka na vipande vya nikeli, tabaka juu ya tabaka. Wakabadilisha fedha, wakabadilisha sabuni, wakamfukuza kijana wa zamu ya usiku. Kumbe pipa lilijazwa kupita nusu na nyaya za ndani zilikuwa zimeota madini. Vifungo vilikuwa vinapata umeme, vinakosa, vinapata. Nikeli ikikosa umeme humo majini hufanya utando sasa hivi, na inayofuata haishiki. Mzigo wote ukaenda kuvuliwa. Kijana hakurudishwa kazini.

Fundi, mnajaza kiasi gani? Theluthi inatosha.

Rektifaya
Hiyo ni karakana mbovu, nikeli haina kosa.

FundiLainiSaba
Tunajaza zaidi ya nusu, oda ni nyingi. Halafu kuna visahani bapa vinatoka na duara lisiloshika fedha katikati.

Sonara_Tanga
Vinashikana. Changanya na shanga za duara.

Mkemia_JuaKali
Shanga hizo nazo zinakula fedha yako bure. Visahani vitundike kwenye waya.

Sonara_Tanga
Visahani mia tano kwa waya, nani atatundika?

Biti_Lamu
Mimi vyangu vilishika vizuri ila vikawa vyeusi dukani.

MamaHereni
Ulivifunga kwa raba? Raba na katoni zina salfa. Tumia mifuko ya plastiki.

Mkemia_JuaKali
Hakuna aliyejibu kuhusu isiyo na sayanidi. Ni ghali, na shaba ikiyeyukia humo kidogo inaharibika haraka. Lakini kwa karakana iliyo katikati ya nyumba za watu mimi ningeifikiria.

FundiLainiSaba
Nimepasua matatu. Mawili chini ni njano safi, moja lina kitundu. Bosi anasema hiyo nikeli iagizwe tu.

MamaHereni
Bosi wako anauzia nani?

Kabati_Mwanza
Mkinunua pipa kubwa, hilo dogo mtaliuza? Nataka la kuchovya zinki kwenye boliti. Ni la lita ngapi?