Mnara wa taa unaofuatwa na bahari: uhamishwe au uachwe uanguke?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Minara mingi ya kale ya kuongozea meli ilijengwa karibu kabisa na maji, na bahari inazidi kumega ufuo. Je, fedha za umma zitumike kuiokoa, wakati nahodha wa leo anaongozwa na GPS?

Mimi nasema zitumike. Chukueni mnara wa Cape Hatteras, jimbo la North Carolina, Marekani. Ni wa matofali, una urefu wa mita 60 hivi, na mistari yake myeusi na myeupe inauzunguka kama kamba iliyosokotwa. Ulipowashwa mwaka 1870 ulikuwa mita 450 hivi kutoka majini. Kufikia 1970 zilibaki kama 37. Watu walivutana miaka mingi. Wapo waliotaka kuta za kuzuia mawimbi, wapo walioogopa kwamba ukisogezwa tu utaporomoka. Mwaka 1999 ukakatwa kwenye msingi wake, ukanyanyuliwa kwa jeki na kusukumwa juu ya reli zilizopakwa sabuni, kama mita moja na nusu kila mkupuo, jeki zinasogezwa, wanasukuma tena. Siku 23, karibu mita 880, na mnara ukafika mzima. Gharama ilikuwa dola milioni 12 hivi. Nyingi, sikatai.

Sasa tazameni Orfordness, Uingereza. Mnara wa 1792, ulizimwa 2013, na 2020 ukabomolewa kwa sababu bahari ilikuwa imeufikia. Wa kwenda kuupanda leo hayupo.

Na kupanda ndiyo hoja yangu hasa. Hatteras ina ngazi 257 za chuma mpaka kwenye roshani, zinazunguka, na mkono una pa kushika upande mmoja tu. Ukifika katikati miguu inatetemeka, hapo ndipo unamwelewa mlinzi wa taa aliyezipanda na mafuta mkononi, usiku wa dhoruba, ili watu asiowajua wasivunjikiwe na chombo. Picha ukutani haikupi hilo.

Kwa hiyo naweka sharti: pakitumika fedha ya umma, mlango uwe wazi kwa umma. Mwenye mnara anayetaka kuufunga kufuli autengeneze kwa fedha yake.

Wapo wanaosema bahari itaufikia tena huko ulikohamia. Kweli, inaweza. Lakini watoto watakaokuwa wamepanda kabla ya hapo ni wengi mno kusema kazi ilikuwa bure.

Mnaopinga, nijibuni hili: magofu na ngome za kale tunazitengeneza ingawa hakuna vita vinavyozihitaji. Mnara wa taa, uliojengwa kuokoa watu, umekosa nini?