Mwanangu ana usonji, kwenye kutoa anakataa "kuazima kwa jirani"

Mama Shamsi:
Habari zenu wanajamvi. Mwanangu yuko darasa la tatu, ana usonji. Kujumlisha hana shida, hata namba kubwa anajumlisha kichwani. Shida ni kutoa. Juzi tulikuwa na 52 − 17. Nikamwambia kama tulivyofundishwa sote: mbili kutoa saba haiwezekani, azima kwa jirani. Akaniuliza, "Tutarudisha lini?" Nikasema hairudishwi. Akaweka penseli chini, akaziba masikio, hesabu ikaishia hapo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba cha mtu kikiazimwa kinarudishwa, na yeye neno akilishika ni hilo hilo. Shuleni wanasema mkaidi. Inaniuma, maana si ukaidi. Nimweleweshe vipi?

Mwalimu wa Kitengo:
Pole dada. Nafundisha watoto wenye usonji, na mwanao ana haki kabisa: pale hakuna kinachoazimwa. 52 ni mafungu matano ya kumi na vijiti viwili. Kata chelewa za ufagio, funga kumi kumi kwa uzi. Saba hazitoki kwenye mbili? Afungue fungu moja. Yanabaki mafungu manne na vijiti 12, na ukihesabu vyote bado ni 52. Neno "azima" liacheni, nyumbani na shuleni. Huku mkisema fungua, kule azima, mtamvuruga.

Baba K:
Wangu yuko la sita. Kwake ugomvi ulikuwa njia: jibu sahihi, njia haandiki, anakoseshwa. "Nimeshajua, niandike nini?" Tulimbandikia mezani swali moja lililofanywa hatua zote, sasa anafuata. Pia shemeji, ongea na mwalimu mkuu mapema kuhusu Upimaji wa la nne. Baraza la Mitihani huwaongezea muda wenye mahitaji maalumu, Hisabati dakika 20 kwa kila saa, lakini shule ndiyo inayopeleka taarifa zao.

Mama Shamsi:
Ahsanteni sana. Jana jioni tumekaa barazani na chelewa. Amefunga mafungu matano mwenyewe, kila moja kalihesabu mara mbili. Kabla ya kufungua alinitazama kwanza. Kisha akaondoa saba, akaondoa na fungu zima. 35. Akaniambia, "Hakuna deni." Kesho nampelekea mwalimu wake chelewa hizo hizo, na uzi wake. Bado saa inatutesa: mshale uko kwenye 8, nami nasema saa mbili. Mwalimu, hilo kitengoni mnalianzia wapi?