Damu yaganda vidoleni, fizi zavuja: inawezekanaje?

Tabibu_Pate
Wataalamu, hamjambo. Huku visiwani wavuvi hukatwa mguu na matumbawe, wakaletwa siku ya tatu jeraha limeoza na homa iko juu. Kuna wanaofika na madoa ya zambarau kwenye ngozi, ncha za vidole nyeusi, na papo hapo fizi zavuja damu na tundu la sindano halikauki. Mwili wawezaje kugandisha na kuvuja kwa pamoja? Na kabla ya boti kufika Mokowe, gati ya bara, nipime nini bila maabara?

Mshipa_wa_Damu
Ni jambo moja lenye sura mbili: sepsisi, yaani mwili kuitikia maambukizi kupita kiasi, ikivuruga kuganda kwa damu (DIC). Vipande vya ganda la bakteria (kwa kundi la bakteria liitwalo gramu hasi ni sumu ya endotoksini) vikitambuliwa na seli za ulinzi, hutolewa TNF, IL-1 na IL-6, kemikali za kuita ulinzi. Jerahani mwito huo ni wa heri: joto, uvimbe, usaha. Ukienea mwili mzima, utando wa ndani wa mishipa, ambao kazi yake ni kuizuia damu isigande, huasi. Thrombini, kimeng'enya cha kugandisha, hutengenezwa kwa wingi, na faibrini, nyuzi za bonge la damu, hufumwa kama jarife ndani ya mishipa midogo. Breki nazo hukatika: protini C na antithrombini, zinazozuia kuganda, hushuka; PAI-1, inayozuia mabonge kuyeyushwa, hupanda, mabonge hayayeyuki. Hapo ndipo vidole huwa vyeusi na figo hufa kimyakimya.

Lakini jarife lina uzi wake. Plateleti (chembe za kuzibia) na faibrinojeni (malighafi ya faibrini) huliwa upesi kuliko uboho na ini zinavyoweza kufidia, kwa hiyo ukitoboa ngozi hapana cha kuzibia. Kuvuja ni deni la kuganda.

Presha nayo huanguka kwa sababu gesi ya nitriki oksaidi, inayotengenezwa na mwili wenyewe, hulegeza mishipa, na kuta zake huachia maji yakaingia kwenye tishu. Ndiyo maana mgonjwa huvimba huku mishipa yake ina ukame.

Bi_Maabara
Bila mashine: pumzi 22 au zaidi kwa dakika, presha (namba yake ya juu) 100 au chini, akili kuchanganyikiwa. Mawili kati ya hayo, usingoje. Bonyeza ukucha sekunde 5 uachie. Rangi ikichelewa zaidi ya sekunde 3, damu haifiki.

Kuganda: mililita 2 za damu ya mshipa kwenye tyubu ya kioo, safi, kavu, mpya. Isimamishe dakika 20 usiiguse, kisha iinamishe mara moja. Ikimwagika kama maji, faibrinojeni imekwisha. Ikiganda usijipongeze: plateleti zaweza kuwa chini hata hivyo.

Mshipa_wa_Damu
Nyongeza. Antibayotiki ndani ya saa ya kwanza, na ipite mshipani: sindano ya msuli kwa mtu asiyeganda huacha bonge la damu pajani. Jeraha la maji chumvi fikiria vibrio, bakteria wa maji ya bahari; dawa zake ni seftriaksoni gramu 1 hadi 2 pamoja na doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku. Diklofenaki, dawa ya maumivu, iache kabatini, inaumiza figo na kuzidisha kuvuja.

Dripu kwa mtu mzima: mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3, ukisikiliza mapafu kila mara, maana mishipa inavuja. Watoto ni habari nyingine. Utafiti wa FEAST wa 2011, uliohusisha Kilifi hapa jirani, ulikuta watoto wenye homa kali waliomiminiwa dripu kwa haraka walikufa zaidi: karibu 10.5 kwa 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa.

Tabibu_Pate
Ahsanteni sana. Bi Maabara, tulizo nazo ni tyubu za plastiki. Zafaa?

Bi_Maabara
Hapana. Kioo ndicho kinachoamsha damu kuganda. Kwenye plastiki hata damu isiyo na kasoro yaweza kubaki maji, ukamtangaza mtu hagandi bure. Wala usioshe ya kioo kwa sabuni ukairudia, kosa ni lile lile. Chupa ndogo ya kioo, mpya, kavu, yatosha. Andika saa uliyotoa damu kwenye barua ya rufaa.