Ukoo wa Mzee, Kibosho 🌿

Da Anna 19:42
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Someni mpaka mwisho. Mmesikia Mzee juzi amekutwa Kiboroloni saa moja usiku anatafuta hiace ya Umbwe. Kiboroloni na Umbwe wapi na wapi? Napendekeza simu yake iwashwe lokesheni tuwe tunamwona. Nataka majibu leo.

Da Anna 19:58
Nimebonyeza hapa naona watu kumi na mmoja mmesoma. Semeni.

Kaka Godi 20:03
Alifuata mitumba huyo. Mwacheni mzee apendeze 😂

Frank 20:04
Jaketi la ngozi hilo linakuja Krismasi 😂😂

Da Anna 20:06
Godi siko kwenye utani. Wewe uko Mbezi, akipotea anayeamka usiku ni mimi kutoka Arusha. Na si Kiboroloni tu, anaongea vitu havieleweki. Amemwambia Shangazi eti mimi nikiwa Sakina naona simu yake imebaki na chaji kiasi gani. Mtu mzima!

Mama Glory 20:09
Hata kwetu alisema hivyo hivyo. Jumuiya ilipokuja tulimwombea.

Neema 20:11
Shikamooni. Mama mkubwa, Babu mwenyewe ameulizwa?

Da Anna 20:12
Mgonjwa wa malaria anaulizwa kama anataka sindano?

Neema 20:14
Anaulizwa ndiyo. Na Babu hajapimwa na daktari yeyote. Katiba Ibara ya 16 inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi. Kuna na sheria ya taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023.

Kaka Godi 20:15
Neema hiyo sheria ikipanda Kibosho na matope haya lazima ifungwe minyororo kwenye matairi

Mama Glory 20:15
😂😂😂

Frank 20:19
Da Anna nilikuwa sitaki kusema humu. Akaunti ya Google ya simu ya Mzee niliifungua mimi, barua pepe zake zinaingia kwangu. Tangu Pasaka wananikumbusha kwamba mwenye simu anamwonyesha mtu mmoja mahali alipo. Jina ni lako. Na ile ya Google Maps ukishaiweka bila kikomo haizimiki mpaka izimwe, tena inaonyesha na asilimia za chaji. Mzee hajachanganyikiwa. Chaji unaiona.

Mama Glory 20:20
Ujumbe huu umefutwa

Kaka Godi 20:24
Loo.

Mama Glory 20:26
Kumbe tulikuwa tunaombea simu 🙈

Da Anna 20:31
Ndiyo niliwasha. Pasaka alinipa simu nimpunguzie picha, nikawasha. Nikiona iko asilimia 9 nampigia namwambia Mzee chomeka. Kosa ni nini hapo? Na siku ile ya Kiboroloni mnadhani Frank alielekezwa na nani? Ndoto?

Frank 20:32
Uliniambia kuna mtu kamwona.

Kaka Godi 20:33
Na Baba Brayan naye ulimpunguzia picha?

Da Anna 20:34
Godi. Ya Njiro yalizungumzwa mbele ya wazee yakaisha. Kama tunafukua, tuanze na hela ya bati.

Kaka Godi 20:35
Bati nilituma.

Da Anna 20:35
Ulituma ya misumari.

Neema 20:41
Jamani. WhatsApp ina lokesheni ya moja kwa moja, unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8, ikiisha inajizima. Babu akishuka mjini aiwashe mwenyewe, amtumie mtu mmoja anayemtaka yeye. Isiwe humu kwenye kikundi, tutamwona wote mpaka mashemeji. Nikija nitamfundisha, kama atakubali.

Mama Glory 20:47
Bando nani anaweka? Halafu simu yenyewe haitembei siku hizi. Juzi nimepeleka mtori nimeikuta ndani ya debe la maharage, mfuniko juu. Mwenyewe kaenda kilabuni na kitochi.

Da Anna 20:48
Ndiyo maana tangu asubuhi inasema yuko nyumbani!

Frank 20:48
Bado unaangalia???

Da Anna 20:50
Hicho kitochi namba yake ipi? Nani kampa?

Da Anna 20:57
Nauliza, namba ipi?

Bibi wa Marangu 21:22
Anaandika Glory, Bibi anasema niandike kama anavyosema.
Kitochi nimempa mimi. Namba ninayo na siitoi humu. Kaka yangu alikuja hapa akakaa pale barazani, akasema mwanangu ananiangalia na sijui anaangalia kutoka wapi. Nikamwambia umezeeka. Akanyamaza, akaondoka bila kumaliza mbege yake. Nyie mlipokuwa mnarudi usiku wa manane aliwaacha mlango bila komeo, hakumfuata mtu. Anna, Jumamosi unapanda Kibosho. Uje na sale mkononi. Simu iache kwenye gari.

Mama Glory 21:24
🙏

Neema 21:24
Sawa Bibi. Shikamoo.

Frank 21:30
Aika Bibi.

Da Anna 22:46
Sawa Shangazi, nitapanda. Ila naomba mtu mmoja aniambie, usiku mwingine akipotea na kitochi chenye namba ya siri, tunaanzia wapi?

Da Anna 22:59
Naona mmesoma.

Frank 23:04
Umeizima?

Da Anna 23:05
Nitazima nikishaongea naye.

Baba Brayan 06:12
Habari za asubuhi wapendwa. Jana nilikuwa kikaoni, simu ikazima chaji. Jumamosi gari liko gereji. Na sale hapa Sakina zinapatikana wapi, au tukate kwenye uzio wa Mzee tukifika?

Kaka Godi 06:20
Shemeji unamwomba mtu msamaha kwa sale ya uzio wake mwenyewe 😂 Halafu hiyo chaji muulize mkeo, anazo asilimia zote

Baba Brayan 06:21
Sijaelewa.

Mama Glory 06:25
Sale njooni mkate kwangu. Mnaokuja mko wangapi, nijue ndizi za mtori?

Frank 06:40
Mimi nipo. Da Anna, jina lako bado naliona.

Kaka Godi 07:55
Mimi sitafika ila nitatuma.

Da Anna 07:56
Misumari?