Mhadhara wa wazi Mlimani: mtu wa mtaani anaingia kweli?

Mama Nafaka, Kimara

Wakuu, habari za mchana. Naomba kuelekezwa na wanaojua. Nauza nafaka Kimara Korogwe, shule niliishia kidato cha nne, chuo sijasoma. Kijana wangu yuko kidato cha tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na tangu aanze hiyo HKL nyumbani hatupumui, kila ugali una mjadala wa ukoloni. Juzi kanionyesha kwenye simu tangazo la mhadhara wa wazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huko Mlimani, ukumbi wa Nkrumah, chini limeandikwa wote mnakaribishwa. Anataka twende pamoja.

Hiyo "wote" na sisi tumo, au ni wote wenye vitambulisho vya chuo? Nauliza kwa sababu kuna taasisi moja hapa mjini, siitaji, nilikwenda kwenye maonyesho ya picha za kuchora yaliyotangazwa hivyohivyo, mlinzi akaniuliza nimealikwa na nani. Nauli yangu ikaenda bure. Halafu lugha: ni Kiingereza tupu? Kidogo nasikia, lakini saa mbili mfululizo nitasinzia nimwaibishe mtoto. Kiingilio kipo? Mtu anavaaje? Na mambo ya mashairi na maigizo je, huwa yapo? Siasa mwachieni kijana, mimi mashairi ya redioni nilikuwa sikosi.

Kijana wa Savei

Nenda tu mama, kiingilio hakuna. Vaa unavyovaa ukiitwa kikao cha wazazi shuleni. Ukibeba maandazi funga mfuko vizuri, tumbili wa pale chuoni hawaombi.

Spika Mbili

Dada, shikamoo kama umenizidi. Mimi ni fundi mitambo, nafunga spika na vipaza sauti kwenye kumbi za jiji hili: harusi, misiba, mikutano ya vyama, makongamano ya wasomi. Nkrumah nimeshafunga sana. Nakujibu kutokea nyuma ya ukumbi, maana ndiko ninakokaa.

Kuingia unaingia. Jengo lenyewe umeshalishika mkononi: ile noti ya shilingi 500, kabla ya kuletewa sarafu mwaka 2014, picha ya nyuma ilikuwa ukumbi huo. Panda mwendokasi mpaka Ubungo, pale tafuta gari la chuo, mwambie konda akushushe karibu na Nkrumah. Ila lisome tangazo mpaka mwisho. Siku hizi mengine hufanyika maktaba mpya, ile iliyofunguliwa 2018 yenye nafasi ya wasomaji 2,100, na kukosea ukumbi kwa jua la saa nane utachoka kabla hujakaa.

Muda. Wakiandika saa nane, ujue saa yenyewe ni mgeni rasmi. Wewe wahi, uchague kiti. Safu za mbele kabisa achana nazo, zina majina au zitapata majina muda si mrefu, na kuinuliwa mbele za watu ni aibu isiyo na maana. Kaa katikati ya ukumbi, kiti cha kwanza kutoka njiani. Sababu inakuja.

Kitaanza kipindi cha kukaribishana. Mshereheshaji anamkaribisha mkuu wa idara, mkuu wa idara anamkaribisha rasi wa ndaki, yaani bosi wa idara kadhaa, rasi naye ana wa kumkaribisha, na kila mmoja anasema "itifaki imezingatiwa" kisha anaitaja yote upya kuanzia juu. Hapo ndipo watu wanaotoka mtaani huanza kuangalia mlango. Usiondoke. Mhadhara wenyewe hauzidi saa moja. Nao, nisikufiche, kuna watoa mada wanaosoma karatasi kichwa chini mwanzo mwisho, hata kipaza ukikiweka wapi hakiwapati. Karatasi hiyo kijana wako anaweza kuja kuisoma. Maswali hayasomeki popote baadaye, na kwangu mimi shughuli huanzia kwenye maswali.

Sasa ile habari ya kiti. Vipaza vya kuzungusha mara nyingi ni viwili, wanashika wanafunzi wawili, na watoto wale wanaogopa kumpita profesa mwenye mkono juu. Kipaza kinaganda safu za mbele. Aliyekaa njiani anaonekana. Na mkono uinuliwe mwenyekiti akitamka tu kwamba anafungua mjadala. Anayengoja wenzake waanze atakutana na "muda umetutupa mkono, tuchukue mmoja wa mwisho". Kijana aandike swali lake kabisa: jina, shule, swali, sentensi mbili. Asiseme "mimi sina swali ila nina mchango". Wenye michango wapo wa kutosha, na wana mvi.

Kuhusu lugha, mtoa mada akitoka nje ni Kiingereza, wa hapa inategemea. Lakini kuuliza, uliza kwa Kiswahili bila woga. Nimeliona hili mara nyingi: mtu mmoja akiuliza kwa Kiswahili, walioko mezani wanaacha simu, na watatu wanne wanaofuata nao wanahamia Kiswahili, hata wale waliosoma ng'ambo. Mimi nalijua kwenye mashine kabla ya masikio. Taa za kijani zinapanda hadi nyekundu, inabidi nishushe, kwa sababu watu walewale waliokuwa wananong'ona kwa Kiingereza sasa wanapaza.

Mzee wa Magomeni

Mama, wala mimi sikusoma hapo. Nilikuwa karani, na mwanzoni mwa miaka ya 70 sisi vijana wa Magomeni tulikuwa tunapanda basi jioni kwenda Mlimani kumsikiliza Walter Rodney, msomi kutoka Guyana, aliyefundisha historia pale hadi 1974. Nusu ya Kiingereza kilikuwa kinanipita. Nilichokuwa nakifuata ni kumwona mwanafunzi anasimama kumpinga mwalimu wake hadharani, na mwalimu anajibu hoja badala ya kujibu adabu. Kazini kwangu kitu hicho hakikuwepo.

Kwa kijana wa HKL ningemshauri awe macho na matangazo. Kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, yaani kiti cha uprofesa cha mambo ya umoja wa Waafrika, kilichoanzishwa 2008, wa kwanza kukikalia akiwa Profesa Issa Shivji. Tamasha lake la kwanza, 2009, walimleta Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria, kutoa mihadhara. Baada ya Shivji akakalia Profesa Penina Mlama, mtu wa tamthilia, kwa hiyo usidhani Kigoda ni siasa kavu. Na kama Mlimani ni mbali, Shivji huyohuyo ndiye aliyeanzisha Kavazi la Mwalimu Nyerere, yaani hifadhi ya nyaraka, pale COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Kijitonyama. Pale Kiswahili ndicho mwenyeji.

Jukwaa Tupu

Mimi nasoma sanaa za maonyesho, mwaka wa tatu. Mama, wewe ndiye tunayekutafuta! Karibu na mwisho wa mwaka wa masomo tunaonyesha kazi zetu, na nyingine ndizo mitihani yetu ya vitendo. Watu hawajui, kwa hiyo hadhira inakuwa wanafunzi wenzetu, ambao wanacheka hata pasipo kichekesho kwa sababu wanamjua mwigizaji. Akija mtu mzima asiyetujua, akacheka au akaguna mahali pake, ndipo tunajua kama kitu kimefika. Chungulia mbao za matangazo za idara, mengi hayafiki mitandaoni. Mashairi yapo zaidi kwenye Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, fuatilia TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo, wiki ile.

Mkenya wa Ngara

Huku kwetu Nairobi ukija chuo beba kitambulisho cha taifa, mlinzi akikuitisha unatoa, mambo yanaisha. Nadhani hata huko haidhuru kukibeba. Uzuri wa huku ni kwamba Chuo Kikuu cha Nairobi na Jumba la Kitaifa la Maigizo wametengana na barabara tu, ya Harry Thuku, unatoka mhadhara unavuka kuona mchezo. Zamani chuo chenyewe kiliwahi kubeba michezo kuipeleka mashinani, kikundi chao cha kusafiri kilianza 1974. Hilo ndilo ningetaka lirudi, kwa sababu Mama Nafaka mmoja akipata nafasi ya kupanda gari mpaka chuoni, kuna kumi hawawezi kufunga duka.

Mama Nafaka, Kimara

Mungu awabariki. Hilo la kufunga duka umenigusa, Mkenya, ila mdogo wangu atakaa dukani siku hiyo, tumeshaelewana. Kitambulisho cha taifa ninacho. Kijana amesoma majibu yote, kaanza kuandika swali, sasa hivi limefika ukurasa mmoja na nusu. Namwambia sentensi mbili, ananiambia hizo mbili ni utangulizi.

Spika, nikuulize la mwisho. Na mimi nikipatwa na swali hukohuko? Haitaonekana vibaya mama na mtoto wa nyumba moja wote kunyoosha mikono?

Spika Mbili

Haitaonekana, ila msikae pamoja. Yeye akae upande wa kulia wa ukumbi, wewe kushoto. Kila kipaza kina upande wake.