Mjadala: Programu ya kuonyesha palipo na intaneti Mtwara na Lindi itamfaa vipi asiye na intaneti?

Mtoa mada, Newala

Ndugu zangu wa kusini, habari za majukumu. Kikundi cha vijana wa Mtwara mjini kinabuni programu ya simu itakayomwonyesha mtu, kwenye ramani, mahali pa karibu anapoweza kupata intaneti: palipo na waifai ya bure, palipo na 4G yenye nguvu, na palipo na kompyuta za kukodi. Wanakusudia kuomba mkopo wa halmashauri katika ile asilimia 4 ya vijana, sehemu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kukopesha vikundi, nao wametuomba maoni. Je, tuwaunge mkono?

Mimi naliunga mkono kusudio lao, lakini mchoro walionionyesha siukubali. Programu yenyewe inapakuliwa kwa intaneti, inafunguka kwa intaneti, na inahitaji simu janja. Yaani imetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari anacho anachokitafuta.

Nitaeleza nilikoyaona haya. Mpwa wangu alipomaliza kidato cha sita aliomba mkopo wa elimu ya juu. Cheti chake cha kuzaliwa kilipaswa kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa njia ya mtandao, kisha ajaze fomu ya Bodi ya Mikopo mtandaoni, aichape, aipeleke kwa mdhamini, kwa serikali ya kijiji na kwa hakimu ikasainiwe na kugongwa mihuri, halafu kurasa hizo zipigwe skana na kupakiwa tena. Alikwenda Newala mjini mara tatu. Safari ya kwanza umeme ulikuwa umekatika, ya pili skana ilikuwa mbovu, na ya tatu ndipo alipompata dada mmoja wa steshenari aliyeijua fomu ile ukurasa kwa ukurasa. Katika siku zote hizo hakuuliza hata mara moja mtandao unashika wapi, kwa sababu kijijini kwao unashika, tena vizuri, ukisimama upande wa mikorosho.

Kwa hiyo ningependa ramani hiyo iache kuhesabu minara na ihesabu steshenari: inafungua saa ngapi, ina jenereta au sola, ina skana nzima, inatoza kiasi gani kwa ukurasa, na kuna mtu wa kumsaidia asiyejua kujaza.

Mwalimu wa sekondari, Liwale

Mtoa mada, umeandika ukiwa Newala, na Newala ni mjini kwa kipimo chetu. Huku kwetu wako wanafunzi wanaopanda kilima jioni ili ujumbe wa simu uingie. Ukiwapa ramani, watasoma juu yake jambo wanalolijua tangu utotoni, kwamba hapo walipo hapana kitu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa sababu hii hasa, ili fedha ya ruzuku iyavute makampuni ya simu kujenga mahali ambapo biashara peke yake haiwapeleki. Ninaona ni afadhali madiwani wetu waupelekee mfuko huo orodha ya vijiji kuliko kuwakopesha vijana fedha za kuchora upungufu wetu kwa rangi nzuri.

Mtoa mada

Mwalimu wangu, kuhusu minara sina ubishi nawe. Ila orodha hiyo ya vijiji itatoka wapi? Ramani za makampuni hupakwa rangi kwa kukadiria mahali wimbi la mnara linapofika, na mtu aliye bondeni nyuma ya kilima huhesabiwa kuwa amefikiwa. Vijana wakikusanya vipimo vya simu halisi za watu wa Liwale, madiwani watakuwa na karatasi ya kuweka mezani. Tena ripoti za GSMA, umoja wa makampuni ya simu duniani, kwa miaka kadhaa zimeonyesha kwamba watu wanaoishi ndani ya eneo lenye mtandao bila kuutumia ni wengi kuliko wale wasiofikiwa kabisa. Hao wa kwanza mnara wa pili hauwasaidii.

Mwenye steshenari, Masasi

Nashukuru kuona kazi yetu imetajwa bila kubezwa. Hata hivyo naomba tuiangalie fedha yenyewe. Asilimia 4 ni mkopo usio na riba, lakini ni mkopo, na lazima urejeshwe. Mwanafunzi anayehesabu sarafu za nauli hatailipia programu. Atakayelipishwa ni mimi, ili duka langu lionekane. Nikilipa nitatokea juu, na jirani yangu mwenye bei nafuu na skana nzuri zaidi hatatokea. Hapo ramani imekwisha kuwa tangazo. Google yenyewe ilikuwa na mradi wa waifai ya bure katika stesheni za reli za India, ulioanza mwaka 2016, na mwaka 2020 ikatangaza kuufunga. Miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba bando lilikuwa limeshuka bei na kwamba huduma ya namna hiyo ni vigumu kuiendesha ikajitegemea. Kikundi cha vijana watano kitarejesha kwa faida ipi?

Na kwa kuwa tunasemezana kwa uwazi, kuna jambo ambalo sisi wenye maduka hatupendi kulisema. Mteja asiye na barua pepe tunamfungulia sisi, neno la siri tunalibuni sisi, na mara nyingi linabaki katika daftari letu. Mimi ninalo daftari hilo. Sijawahi kulitumia vibaya, lakini wapo wateja waliorudi baada ya mwaka kuniuliza neno lao la siri, kumbe wangeweza kurudi wakakuta duka limefungwa na mimi nimehama. Programu inayowaelekeza watu wengi zaidi kwenye maduka yetu itaongeza madaftari ya namna hiyo.

Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Tandahimba

Nyote mmezungumzia wanafunzi. Wanachama wetu wengi ni wazee wa korosho wenye viswaswadu. Siku hizi mnada unaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, lakini bei ya mnada mkulima anaipata kwa mdomo, au kwenye ubao wa matangazo mlangoni kwetu. Kama vijana wanataka kuwafikia, watumie menyu za nyota na reli, ambazo kila mzee anazifahamu kwa kutuma na kupokea fedha, na ambazo hazihitaji bando. Nilipowauliza, walinijibu kwamba namba fupi hugharimu na kwamba ni lazima kuafikiana na kila kampuni ya simu peke yake. Ni kweli, na gharama hiyo ndiyo ilipaswa kuwa sababu ya kuomba fedha ya umma, kuliko michoro na rangi. Na ikishindikana, ubao wetu upo: karatasi moja kila Jumatatu, yenye majina ya maduka na bei zake, itasomwa na watu wengi kuliko programu hiyo. (Chaki tutawapa bure.)

Mama mfanyabiashara, Kilwa Masoko

Naomba kuuliza mambo mawili. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitupitia na barabara ikakatika pale Somanga. Tarehe 12 ya mwezi uleule nyaya za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama hiyo ramani yenu ingeendelea kuonyesha rangi ya kijani kila mahali, na mtu angelipa bodaboda kufuata intaneti ambayo haipo. Nani atakuwa anahakiki, na kila baada ya muda gani?

La pili, programu ya ramani hujua ulipo. Kwa mwanamke anayekwenda kukaa stendi jioni kwa sababu waifai ya bure iko hapo, hilo si jambo dogo, na tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakubali kuitunza taarifa hiyo ndani ya simu yangu tu, au wasiichukue kabisa. Pia waandike kama mahali pana taa na pa kukaa, maana nguvu ya mawimbi haimlindi mtu.

Mtoa mada

Dada yangu wa Kilwa, swali lako la kwanza limenikalisha. Nilidhani kazi ngumu ni kuikusanya taarifa, kumbe ni kuihuisha. Sasa ninaona njia: mwenye duka atume ujumbe mfupi wa neno moja kila asubuhi, “WAZI” au “FUNGA”, na asiyetuma kwa siku mbili aondoke kwenye orodha mwenyewe, bila kulipishwa kuingia wala kupanda juu. Ndugu wa Masasi, pamoja na hilo vijana waweke sharti kwamba duka lolote litakaloorodheshwa limwachie mteja kushika kibodi na kuandika neno lake la siri kwa mkono wake, hata kama foleni itachelewa.

Kuhusu mkopo nimebadili msimamo. Wasikope sasa. Waanze na ubao wa karani, kata moja ya Tandahimba na moja ya Liwale, kwa msimu mmoja wa korosho, kisha tuone kama kuna mtu anayeiuliza karatasi ikichelewa.

Mwalimu wa sekondari, Liwale

Kata ya Liwale nitaichagua mimi. Nitachagua ile yenye kilima.