Ushauri: viroba vingapi vitazuia maji ofisini, bonde la Msimbazi?

Mleta mada: Wakuu, heshima kwenu. Ofisi ya shirika letu ipo Kigogo, nyumba ya chini. Wiki iliyopita maji yalifika sm 60 ukutani, printa 2 zilizokuwa mezani zikafa. Viroba vingapi vya mchanga vinatosha mlango wa mita moja? Na fundi rangi aanze lini? Bodi inakuja tarehe 15, silali.

Kobe Mzee: Bondeni mmeambiwa mhame tangu mafuriko ya Desemba 2011, wenzenu wakapewa viwanja Mabwepande. Leo unauliza viroba.

Fundi Chemba: Kadiria 60. Tandika nailoni nzito kwanza. Jaza kiroba nusu tu. Kikishiba kinakuwa gogo na maji yanapenya pembeni. Panga kama tofali, kanyaga kila safu, upana wa chini uwe mara 3 ya kimo. Maji yalianzia wapi?

Mleta mada: Mlangoni, mkuu. Nimeshalipia viroba 400, na fundi ameanza ukuta wa kozi tano za tofali getini.

Dogo Mwendokasi: Karakana ya mabasi Jangwani imejaa maji mara ngapi? Nunua mtumbwi 😂

Mama Faili: Mafaili je? Yaliyoloa usiyabandue. Ndani ya saa 48 yatie kwenye mifuko, weka kwenye friza, ukungu usimame. Halafu utoe machache machache, ukaushe kwa feni.

Shaka: Hii chai. Meza ya ofisi ina sm 75, maji sm 60, printa zimeloaje?

Mleta mada: Si chai! Meza za chipbodi. Miguu ilivimba, zikalala na printa zake.

Fundi Chemba: Hapo kweli, chipbodi ikinywa maji gundi inaachia. Ila hujanijibu. Chooni je?

Mleta mada: Sawa. Yalianzia chooni na kwenye tundu la bafu, meusi, mlangoni bado pakavu. Bodi wanasoma humu, ndiyo maana sikuandika.

Fundi Chemba: Basi viroba 400 ni mapambo. Bomba la maji taka likijaa huko nje, maji yanarudi kwako na kutokea tundu lililo chini kuliko yote. Weka valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye bomba la inchi 4, ndani ya chemba, ielekee upande sahihi, na isafishwe kabla ya masika: tambara moja tu linaiacha wazi.

Mama Faili: Na hayo meusi ni kinyesi. Piga picha za bima kwanza, osha tope kwa sabuni, ndipo klorini. Tope linaimaliza nguvu. Ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji 6. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, gesi yake inaua.

Mleta mada: Rangi lakini fundi anaanza kesho, nimempa nusu.

Fundi Chemba: Itabanduka. Bandika nailoni ya mita moja ukutani, kingo zote kwa gundi tepu, saa 24. Ukiona matone ndani, subiri. Meinswichi isiwashwe kabla fundi umeme hajapima nyaya na kubadili breka na soketi zilizozama. Mpya zipande hadi mita 1.2 kutoka sakafuni.

Mleta mada: Rangi nimesitisha. Ukuta wa getini naendelea nao.

Fundi Chemba: Umeuachia tundu la kutolea maji?

Mleta mada: Hapana.

Fundi Chemba: Unajenga bwawa. Weka bomba la inchi 4, na kifuniko upande wa barabara, ya ndani yatoke, ya nje yasiingie.

Kobe Mzee: Mabwepande kuna upepo mzuri.